Emmy za mchana: Tuzo ya mafundi wasioonekana kwenye runinga

Na Mwandishi Wetu

MTAZAMAJI wa tamthilia huwajua waigizaji kwa sura na majina, lakini ni nadra kumjua aliyepanga taa, aliyebuni maleba, aliyetengeneza nywele au aliyechanganya sauti ili mchezo huo ufae kutazamwa.

Nchini Marekani, mafundi hao wana heshima yao rasmi. Ni tawi la Tuzo za Emmy za mchana linalohusu ubunifu na ufundi, ambalo kwa miaka mingi limekuwa na hafla yake, mbali na ile inayowakutanisha waigizaji mashuhuri.

Tuzo za Emmy zilianza kutolewa mwaka 1949. Mwanzoni vipindi vya mchana vilishindanishwa pamoja na vile vya usiku, ambavyo huwa na fedha nyingi na muda mrefu wa matayarisho.

Mwaka 1974, Akademi ya Taifa ya Sanaa na Sayansi za Televisheni iliandaa kwa mara ya kwanza hafla ya vipindi vya mchana pekee, jijini New York.

Sanamu inayotolewa inaeleza yenyewe kwa nini fundi anastahili kukumbukwa. Ni mwanamke mwenye mabawa aliyeinua atomu. Mabawa ni ishara ya sanaa, na atomu ni ishara ya sayansi.

Aliyeibuni, Louis McManus, alikuwa mhandisi wa televisheni, na alimtumia mkewe kuwa kielelezo. Jina Emmy nalo limetokana na lakabu ya kifaa kilichotumika ndani ya kamera za televisheni za zamani. Hivyo tangu mwanzo, tuzo hii ilibeba jina la chombo cha kazi, si jina la nyota.

Ugumu wa kazi ya mchana uko katika kasi yake. Tamthilia ya mfululizo huonyeshwa siku tano kwa wiki, karibu mwaka mzima, wakati tamthilia nyingi za usiku huonyeshwa mara moja kwa wiki, tena kwa msimu.

Ili kukidhi mahitaji hayo, matukio hurekodiwa studioni kwa kamera kadhaa kwa wakati mmoja. Taa hulazimika kumfaa mwigizaji kutoka kila upande, na kosa dogo la sauti au vipodozi huweza kupoteza muda ambao haupo.

Ndiyo maana washindani hupimwa na watu wanaoifahamu taaluma yenyewe. Mhariri wa picha hutambua ugumu ambao mtazamaji wa kawaida hauoni, kwani kazi nzuri ya uhariri ni ile isiyojionyesha.

Hata hivyo, hafla ya pembeni ina gharama yake. Susan Lucci wa tamthilia ya All My Children aliposhinda mwaka 1999, baada ya kuteuliwa mara 19, habari zake zilienea duniani. Fundi anayeshinda katika hafla ya ubunifu hupata sanamu ileile, lakini ni nadra jina lake kutajwa nje ya studio.

Kwa mafundi hao, sasa swali si sifa pekee, bali pia ajira. Tamthilia zilizowalea zimepungua mno.

Guiding Light, iliyoanza redioni mwaka 1937 na kuhamia kwenye runinga mwaka 1952, ilifungwa mwaka 2009. As the World Turns ilifuata mwaka 2010, na mwaka 2011 ABC ikasitisha All My Children. Kila ilipofungwa tamthilia moja, washonaji, maseremala, wapiga picha na wachanganya sauti nao walipoteza kazi.

Hata neno 'mchana' limebadilika maana. Days of Our Lives ilihamia kwenye mtandao wa Peacock mwaka 2022, ambako hutazamwa saa yoyote. Mwishoni mwa mwaka 2021, waandaaji wa Emmy za mchana na wenzao wa Emmy za usiku walikubaliana kuzigawa tuzo kwa kuzingatia zaidi aina ya kipindi badala ya saa ya kukirusha.

Dalili ya matumaini ilionekana Februari 2025, CBS ilipoanza kurusha Beyond the Gates, tamthilia mpya ya kwanza ya aina hiyo kwenye vituo vikuu vya Marekani tangu Passions ya mwaka 1999. Kwa mafundi, hiyo ilikuwa na maana ya studio moja zaidi ya kufanyia kazi.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Lakini pete haitoshi iwapo chanda hakina kazi ya kufanya, na hilo ndilo jambo ambalo tuzo pekee haiwezi kulitatua.