Nje ya Saa ya Redio

Juzi jioni, ndani ya daladala iendayo Mbagala, redio ilipiga taarab ya zamani. Mwimbaji ndiyo kwanza anaingia ubeti wa tatu, ule wa kulifungua fumbo alilokuwa akilisuka tangu mwanzo, mara sauti yake ikazamishwa. Likaja tangazo la sabuni, kisha taarifa ya habari. Mama mmoja aliyekaa dirishani akaumalizia wimbo mwenyewe, kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari, mpaka aliposhuka Mtongani.

Mtangazaji hakukosea. Saa ilikuwa imefika. Nimetayarisha michezo ya kuigiza ya redio kwa miaka mingi na naijua vizuri saa ya studio, isiyomsubiri mtu. Redio imetulea, na sina neno baya la kuisema. Lakini kila kinachopita hewani lazima kienee kwenye nafasi kilichokatiwa, na kisichoenea hupunguzwa au huachwa kabisa. Ndiyo maana hazina kubwa ya muziki na maigizo ya Kiswahili imeishi nje ya redio: kwenye kaseti za harusini, kwenye maktaba za santuri, na siku hizi kwenye simu zetu. Anayetaka kuifaidi aanze kwa kujua muda wa kila kitu ulipimwa na nani.

Dakika tatu za santuri

Machi 1928 mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, India, kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Alikuwa na wenzake, miongoni mwao Mbaruku, mpiga udi maarufu asiyeona. Santuri zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba kama dakika tatu tu za sauti. Nyumbani, mbele ya watu, wimbo wa taarab ulikwenda kwa mwendo wake: ala zikatangulia, beti zikaimbwa na kurudiwa, wasikilizaji wakijibu. Bombay uliingia kwenye dakika tatu, au ukagawanywa pande mbili za santuri.

Santuri hizo ni fahari yetu. Ziliitoa sauti ya Siti, mwanamke wa Fumba, na kuifikisha katika miji ambayo hakupata kuikanyaga. Ila anayezisikiliza leo akumbuke kwamba anamsikia Siti aliyepimiwa muda. Ukiujua ukomo huo, utaanza kusikia ustadi wake: jinsi anavyoingia bila kupoteza pumzi, na jinsi udi unavyofupisha utangulizi ili maneno yapate nafasi.

Ndivyo ilivyo pia kwa rekodi za Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 na vinasa sauti vyake, akirekodi zeze, marimba, ngoma na nyimbo za kazi. Rekodi zake nyingi ni fupi, kwa sababu zililengwa kuingia kwenye santuri. Ukisikia ngoma inafifia katikati ya joto lake, usidhani wachezaji walichoka. Ni santuri iliyokwisha, wao huenda waliendelea mpaka alfajiri.

Kaseti iliyorudisha urefu

Kaseti ilipoenea miaka ya 1970, mambo yalibadilika ghafla. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande, na kinasa sauti chake hubebeka mkononi hadi uani kwenye harusi. Mombasa iliutumia uhuru huo kuliko miji mingi. Kabla ya hapo duka la Assanand lilikuwa likitoa santuri za taarab kwa nembo ya Mzuri. Sasa maduka kama Mbwana Radio yakawa yanauza kaseti zilizorekodiwa harusini kwenyewe. Nyimbo za mwimbaji Juma Bhalo zilienea hivyo. Kaseti ikitoka Mombasa ilifika Lamu, Tanga na Unguja, ikavuka bahari ndani ya mizigo ya jamaa hadi Muscat na Dubai, huko ikanakiliwa tena na tena.

Kaseti ya harusini ina kelele. Spika inavuma, mtoto analia, viti vinakwaruza sakafu. Anayezoea usafi wa studio huizima mapema, na hapo hukosa utamu wote. Taarab ni mazungumzo: mshairi hufunga fumbo, na mhusika aliyekaa ukumbini ndiye anayelijua. Basi sikiliza vigelegele. Vinapolipuka mahali pamoja, rudisha nyuma na usikilize upya mistari miwili iliyotangulia. Humo ndimo mwiba ulimochomwa. Sauti ya watu wakienda mbele kutunza itakuambia ni ubeti upi uliomgusa nani. Kwenye rekodi ya studio maneno ni yaleyale, lakini hayana anayeyajibu.

Sikiliza na ala pia. Taarab ya Mombasa ilikuwa na tashkota, ala ya nyuzi yenye vitufe kama vya taipureta, iliyotokea Japani. Mlio wake mkali hukata juu ya kelele za ukumbi. Unguja, kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilikuza utaratibu wa kufungua onyesho kwa bashraf. Huo ni muziki wa ala tupu wenye sehemu kadhaa, kila sehemu ikirudi kwenye kiitikio kimoja. Bashraf haipendi haraka. Ukikishika kile kiitikio mara ya kwanza, kila kinaporudi utahisi umefika nyumbani kutoka njia tofauti.

Jukwaa lililo ndani ya kichwa

Mchezo wa sauti unadai subira hiyohiyo. Tarehe 15 Januari 1924 BBC ilirusha mchezo wa Richard Hughes unaohesabiwa kuwa wa kwanza kuandikwa mahususi kwa ajili ya redio. Unahusu watu waliokwama kwenye mgodi wa makaa ya mawe taa zilipozimika. Hughes alichagua giza kwa makusudi, ili wahusika wasione kitu, sawasawa na wasikilizaji wao. Bibi zetu walikuwa wakiijua siri hiyo zamani. Hadithi ilisubiri usiku, na anayesema "paukwa" hakuhitaji taa ili aitikiwe "pakawa".

Fundi wa mchezo wa sauti ana vitu vinne mkononi: sauti ya mtu, milio, muziki na kimya. Wengi huvutwa na milio, kama karatasi ya nailoni inayokunjwakunjwa ikawa moto, au vifuu vya nazi vinavyogongwa vikawa kwato za farasi. Mimi ningependa usikilize umbali. Mwigizaji akiwa karibu kabisa na maikrofoni, sauti yake huwa nzito na kavu, nawe unahisi yuko begani pako au ndani ya mawazo yake. Akirudi nyuma hatua tatu, mwangwi wa chumba huingia pamoja naye. Kwa hatua hizo tu tumeshakuambia ukumbi ni mkubwa, au wawili hawa wamegombana. Tumia hedifoni mara ya kwanza. Spika ya simu huumeza umbali wote.

Kisha sikiliza kimya. Kwenye redio ya kawaida, sekunde chache za kimya humtia mtangazaji hofu kwamba mitambo imekufa. Katika mchezo uliotengenezwa kusikilizwa kwa utulivu, mke anaulizwa swali, halafu hakuna kitu, halafu kikombe kinawekwa mezani. Umeshapata jibu lake.

Mfano bora wa nguvu ya muda tunao sisi wenyewe. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo uliosikika mara mbili kwa wiki. Wengi wa rika langu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, mlevi na mpenda wanawake, na mkewe Tunu anayejifunza polepole kujitegemea. Kwa miaka miwili ya mwanzo Dodoma haikurushiwa mchezo huo, ili watafiti wapate mahali pa kulinganishia. Waligundua kwamba kwingineko wasikilizaji wengi walisema wamepunguza idadi ya wapenzi na wameanza kutumia kondomu kujikinga na UKIMWI. Tangazo fupi lingeweza kusema hayohayo. Lakini Mkwaju waliishi naye miaka. Walimcheka, wakamkasirikia, wakamwona akiharibikiwa hatua kwa hatua. Nami nikiandika mchezo hukumbuka hilo kila mara ninaposhawishika kufupisha.

Pa kuanzia

Aliyenunua bando la wiki ana haki ya kuuliza gharama. Simulizi iliyohifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu megabaiti 29 kwa saa nzima. Ukiisikiliza simulizi hiyohiyo kama video, utalipia picha usiyoitazama. Kwa hiyo tafuta faili la sauti tupu. Podikasti zinafanya kazi hivyo: faili huwekwa mtandaoni pamoja na orodha inayosomwa na programu ya simu yako, na sehemu mpya ikitoka programu huishusha yenyewe. AntennaPod ni programu ya bure ya kazi hiyo. Iagize ishushe ukiwa penye Wi-Fi, usikilize baadaye bila bando.

Upande wa maigizo, simulizi za sauti za Kiswahili zimejaa YouTube na kwenye makundi ya WhatsApp, nyingine zikiuzwa sehemu kwa sehemu kwa malipo ya simu. Ubora unatofautiana sana. Kipimo changu ni kimoja: je, msimuliaji anabadilisha mwendo hadithi inapobadilika? Anayesoma mazishi na mapenzi kwa kasi ileile, mwache. Ukimpata aliye fundi, mlipe. Sehemu moja ikinakiliwa na kusambazwa bure, ndiye atakayeshindwa kuandika inayofuata.

Upande wa muziki, mlango mzuri ni mfululizo wa Zanzibara, ulioanza kutolewa mwaka 2005 na kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa chini ya usimamizi wa Werner Graebner. Toleo la kwanza ni la Ikhwani Safaa, la pili linakusanya taarab ya Mombasa ya kati ya 1965 na 1975. Soma maelezo yanayoambatana nayo: jina la mpiga fidla utakalolikuta humo litakupeleka kwenye rekodi nyingine kumi. Rekodi za Tracey zinatunzwa na maktaba yake ya muziki wa Afrika, ILAM, huko Makhanda, Afrika Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1954, na katalogi yake inapatikana mtandaoni. Tafuta humo jina la kabila lenu au wilaya yenu.

Wala usifikiri mambo haya ni ya wazee. Muziki wa singeli ulikua kwenye vigodoro, sherehe za kukesha za uswahilini Dar es Salaam, ukisafiri kwa memori kadi na simu kabla redio hazijaupa nafasi ya kutosha. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko kutoka studio moja ya Mburahati, na dunia ikageuza shingo. Singeli nayo haikupimwa kwa saa ya redio. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaokesha.

Zilizoko kabatini

Sehemu ya hazina hii haiko mtandaoni, iko kwenu, ndani ya boksi la viatu juu ya kabati. Kaseti huharibika kwa joto, unyevu na ukungu, kwa hiyo usingoje. Kabla ya kuipiga, ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha mara moja ili mkanda ulegee. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti. Unganisha mashine na kompyuta kwa waya, urekodi kwa Audacity, programu ya bure, na uhifadhi kwanza kwa WAV. Kaseti ya dakika 90 itachukua karibu gigabaiti moja. Nakala ndogo ya kuwatumia ndugu itengenezwe kutoka kwenye hiyo. Mwisho andika kila unachokijua: nani anaimba, nani kapiga, harusi ya nani, mji gani, mwaka gani.

Mwaka jana nilihamisha kaseti ya harusi ya shangazi yangu, iliyorekodiwa Mombasa. Katikati kuna dakika sita ambazo hakuna wimbo: wanamuziki wanakaza nyuzi, sahani zinalia, watu wanaongea. Kwa mazoea ya kazi nikashika kipanya ili nizikate. Shangazi akaniwekea mkono juu ya wangu. Nyuma ya fidla, mbali na maikrofoni, mwanamke alikuwa akiagiza sharubati ipelekwe kwa wageni wa barazani. Alikuwa bibi, mama yake. Tukazisikiliza dakika zote sita, tukarudisha, tukazisikiliza tena.