Gazeti la Mji ni Mali ya Nani?



Wengi wetu tukisikia neno gazeti twafikiria Nairobi: wanasiasa, bei ya mafuta, mpira. Lakini kuna gazeti la aina nyingine, la mji mmoja tu, linaloandika nani amefariki, daraja gani limebomoka na madiwani waliamua nini. Leo tutazame Lismore, mji wa mtoni katika jimbo la New South Wales, Australia. Ni mbali, najua. Lakini wenzetu wa Budalangi na wa Mto Tana wataelewa upesi.

Lismore iko kando ya mto Wilsons, nao mto huo hufurika mara kwa mara. Gazeti la mji, The Northern Star, lilianza mwaka 1876. Sasa, gazeti kama hilo haliishi kwa shilingi ya msomaji peke yake. Pesa nyingi hutoka kwa matangazo: mwenye duka, anayeuza gari kuukuu, anayetafuta mfanyakazi. Intaneti ilipokuja, matangazo hayo yakahamia huko.

Mwaka 2016 gazeti liliingia mikononi mwa News Corp, kampuni kubwa yenye magazeti mengi. Mwaka 2020 korona ikapunguza biashara zaidi, na kampuni ikaacha kuchapisha magazeti ya mikoani na ya mitaani zaidi ya 100 kwa mpigo mmoja. The Northern Star likabaki kwenye intaneti tu. Mzee aliyezoea kulisoma na chai ya asubuhi, basi tena. Tena uamuzi wenyewe haukufanyika Lismore. Huwezi kumlaumu mfanyabiashara kwa kuhesabu hasara yake, lakini wenye mji hawakuwa na kura.

Tarehe 28 Februari 2022 mto ulipanda hadi mita 14.4. Kabla ya hapo, kiwango kikubwa kilichowahi kuandikwa hakikufika hata mita 12 na nusu. Tuta la kuzuia maji halikufua dafu. Watu walipanda juu ya paa usiku, na wengi waliokolewa na majirani wenye mashua ndogo, si na serikali. Sisemi gazeti la karatasi lingezuia maji. Nasema mji uliingia katika shida ile bila chombo ulichokizoea kwa zaidi ya miaka 140.

Lakini mjini humo mlikuwa na gazeti lingine, Koori Mail, lililoanza 1991. Hili huandika habari za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, nchi nzima, na hutoka kila wiki mbili. Wenye mali ni mashirika 5 ya Waaborijini wa eneo hilohilo. Faida ikipatikana, inawarudia watu wao.

Ofisi ya Koori Mail nayo iliingia maji na vifaa vikaharibika. Badala ya kufunga mlango, waliligeuza jengo kuwa kituo cha kugawa chakula, nguo na vifaa vya kusafishia nyumba, kwa kila mtu, mweusi kwa mweupe. Michango ikaja, hata wakakodi helikopta za kupelekea mahitaji waliokatiwa njia. Kazi hiyo iliendelea kwa miezi. Kwa nini watu waliwaamini hivyo na pesa zao? Naona ni kwa sababu walijulikana. Wenye gazeti walikuwa ni watu wa pale pale, na mlango wao ulijulikana kabla ya maji.

Kikundi chako hakihitaji mtambo wa kuchapa. Karatasi kubwa, kalamu ya wino mzito na ukuta wa mashine ya kusaga unga vyatosha, maana kila nyumba hupita hapo. Andikeni hesabu ya mwezi, siku ya chanjo, nani ana mashua na anaitwa kwa njia gani. Nimeona mbao za matangazo nyingi zikianza kwa shangwe, kisha mwandishi anapata kazi mjini na karatasi ya mwisho inakauka juani mwaka mzima. Kwa hiyo kabla ya kununua hata kalamu, kaeni mkutano na katibu aandike kwenye kumbukumbu: gazeti hili ni la nani, nani atashika kalamu mwandishi akihama, na tukikosea nani atasahihisha.