Kifafa kimetulia. Je, moyo umetulia?

Mama, ulifurahi ulipoona miezi inapita na mtoto wako haanguki tena. Ulimshukuru Mungu, na ulifanya vema. Lakini sasa unaona jambo lingine: hacheki, hali vizuri, anakaa peke yake nyuma ya nyumba. Majirani wanasema, "Huyu hana shukrani," ao, "Pepo amerudi kwa njia ingine." Sivyo. Huzuni hii ni ugonjwa, na inatunzwa.

Inatoka wapi?

1. Katika ubongo. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na ubongo ule ule ndio unaoongoza furaha na huzuni. Hata waliopasuliwa wanapatwa nayo. Kule Mbale, Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE, wagonjwa walioshindwa kusaidiwa na dawa wamepasuliwa kichwa, ikaondolewa sehemu ndogo inayoanzisha kifafa. Wanganga wa kazi hii wanajua kwamba miezi ya kwanza mgonjwa anaweza kulia bila sababu ao kuogopa, hata kama haanguki tena. Kwa wengi inapungua polepole.

2. Katika dawa. Fenobarbitali inazuia kifafa, lakini kwa watu wengine inaleta usingizi, hasira ao huzuni.

3. Katika maisha. Miaka mingi alikula kwa sahani yake peke yake, kwa kuwa watu walidhani mate yake yanaambukiza. Hayaambukizi hata kidogo. Hakupelekwa masomo. Leo unamwambia, "Umepona, shika jembe, twende shamba la mchele." Anaogopa. Bado hajajifunza kuishi kama mtu asiye mgonjwa.

Wewe mama, fanya hivi:

- Usikatishe dawa, hata kama unaona ndiyo inamsumbua, hata kama amepasuliwa. Dawa ikikatwa ghafula, kifafa kinaweza kurudi mfululizo na kumuua. Munganga atapunguza ao kubadilisha.

- Kula naye sahani moja. Mpe kazi ndogo, kama kupepeta mchele, kisha umsifu. Moto na mto, asiende peke yake.

- Muulize polepole, "Moyo wako uko namna gani?" Kama anasema amechoka kuishi, muulize wazi kama anafikiri kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo, kunamfungua kinywa. Usimwache peke yake. Ficha vidonge, kisu na kamba, umlete siku ile ile.

- Siku ya kliniki, usituambie tu ameanguka mara ngapi. Tuambie pia analala namna gani, anakula nini, anaongea na nani.

Ombeni pamoja nyumbani. Maombi na dawa havigombani. Mtoto aliyeacha kuanguka anahitaji bado mkono wa kumsaidia kusimama. Mama, mkono wa kwanza ni wako.