Samaki Taa: Faida ya Kumpima na Kutambua Jike na Dume

Mfugaji wa Tulia, katika nchi ya Kitui, apelekapo mbuzi sokoni hahesabu vichwa tu. Kwanza hutazama ni yupi beberu na ni yupi jike, ni yupi mchanga na ni yupi aliyekwisha komaa, na zaidi ya yote hutazama kama jike ana mimba. Mtu achinjaye mbuzi wenye mimba kwa sababu wamenenepa atakula vizuri mwaka huu, lakini mwaka ujao zizi lake litakuwa tupu. Sheria hiyo inawahusu pia wanyama wa baharini, na hasa samaki aitwaye taa.

Bahari si mbali na Ukambani kama watu wengi wadhanivyo. Mto Athi, ulio mpakani mwa Kitui upande wa magharibi, huitwa Galana uendapo pwani, kisha huitwa Sabaki, nao huingia baharini kaskazini ya Malindi. Udongo mwekundu uchukuliwao na mvua kutoka mashambani huishia huko. Mto Tana nao humwaga maji yake karibu na Kipini. Kwa sababu hiyo Ghuba ya Ungwana ina matope na chakula kingi, na ndani yake huishi kamba wengi wa baharini, wale viumbe wadogo wenye gamba na miguu mingi, ambao jina lao halihusiani kabisa na kabila la Wakamba.

Tangu miaka ya 1970 meli zimekuwa zikivua kamba hao kwa nyavu za kukokota. Wavu wa namna hiyo ni kama mfuko mkubwa uburutwao chini ya bahari, nao hauchagui. Pamoja na kamba huzoa samaki wa kila aina, na miongoni mwao ni taa, ambaye hulala juu ya matope akitafuta chakula chake. Baada ya ugomvi mwingi kati ya wenye meli na wavuvi wadogo, uvuvi huo ulisimamishwa mwaka 2006. Ulifunguliwa tena mwaka 2011 kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba meli zisivue karibu na pwani, na jingine kwamba zipumzike tangu Novemba hata mwisho wa Machi.

Taa ni ndugu wa papa. Hana mifupa migumu, bali mwili wake umejengwa kwa gegedu, kitu kama kile kilichomo katika sikio la mtu. Mwili wake ni bapa, na mbavuni ana mapezi mapana kama mabawa. Wengine, kama nyenga, wana mwiba wenye sumu mkiani. Kwa kuwa mkia mrefu hukatika upesi, wataalamu humpima nyenga kwa upana, tangu ncha ya bawa moja mpaka ncha ya bawa la pili.

Kutambua dume si kazi ngumu. Mgeuze taa chali, utazame pale mkia uanzapo. Dume ana viungo viwili mfano wa vidole, kimoja kila upande, ambavyo hutumia kumpandia jike. Jike hana. Dume mchanga viungo vyake ni vifupi na laini. Akikomaa huwa virefu na vigumu. Kwa hiyo hata asiye na elimu ya vitabu anaweza kujua, bila ya kumpasua, kama dume amefika umri wa kuzaa. Kwa jike kazi ni ngumu zaidi, maana hana budi kupasuliwa ili mayai yake yaonekane. Katika aina nyingi jike ni mkubwa kuliko dume, naye huchelewa zaidi kukomaa.

Wako taa watagao mayai, kila yai likiwa ndani ya mfuko mgumu wenye pembe nne. Hao hupenda maji ya baridi au ya kina kirefu. Lakini nyenga wa maji haba hawatagi. Huzaa watoto walio hai. Mtoto akiwa tumboni hula kwanza kiini cha yai lake, kisha hulishwa na mama kwa maji mazito mfano wa maziwa. Kamba jike hutoa mayai maelfu na maelfu, lakini nyenga huzaa mtoto mmoja au wachache tu kwa mimba moja. Tena nyenga mwenye mimba akinaswa, mara nyingi huharibu mimba palepale juu ya meli, na watoto wake hufa pamoja naye.

Yaliyotokea Ulaya ni mafundisho. Katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ireland alikuwako taa mkubwa sana, urefu wake ukipita mita 2, ambaye hukaa zaidi ya miaka 10 kabla ya kutaga. Wavuvi waliwaandika taa wote katika fungu moja, wakubwa kwa wadogo, bila kutenga aina. Taa wakubwa walipopungua, wale wa aina ndogo waliendelea kujaza matenga, na hesabu ikaonekana njema. Mwaka 1981 ilitangazwa kwamba yule mkubwa alikuwa karibu kutoweka kabisa katika bahari ile. Uzito wa samaki ulikuwa umeficha habari yenyewe.

Basi, kuandika kwamba meli imeleta kilo kadhaa za taa hakutoshi. Yapasa kuandikwa ni wa aina gani, upana wao ni kiasi gani, wangapi ni majike, na wangapi bado hawajazaa hata mara moja. Ikionekana kwamba wengi ni wachanga, au ni majike wenye mimba, hapo ndipo ijulikanapo ni mahali gani na ni miezi gani wavu upumzishwe. Na taa apandishwaye akiwa hai yafaa arudishwe majini upesi, kwa uangalifu, mwiba wake usije ukamdhuru mvuvi. Mfugaji wa Tulia hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa maana yeye hulifanya kila siku zizini mwake.