Mgambo ni nani, na nani alikupa haki ya bunduki?

Utawasikia steji za boda hapa Machakos: "Katiba inaniruhusu kuwa na bunduki nijilinde." Hiyo ni Katiba ya Marekani, msee. Umeitoa kwa sinema.

Na hata huko kwao, maneno hayakuanza na mtu mmoja na bastola yake. Marekebisho ya Pili, ya 1791, ni sentensi moja tu, na inaanza na mgambo ndipo ifike kwa haki ya wananchi kubeba silaha. Mgambo wa enzi hizo walikuwa wakulima na mafundi wa kawaida, wenye bunduki nyumbani, wa kuitwa kukiwa na vita. Watu waliogopa serikali yenye jeshi la kudumu. Ni mwaka 2008, katika kesi ya Heller, ndipo majaji watano dhidi ya wanne waliamua kuwa haki hiyo ni ya mtu binafsi, awe kwenye mgambo au asiwe.

Sasa lete hilo neno huku. Tanzania, mgambo ni mtu wa serikali. Mmachinga akimwona anakunja bidhaa mbio. Kenya, ukisikia "wanamgambo" kwa habari, ujue ni Al-Shabaab.

Katiba yetu ya 2010 haina haki ya bunduki. Bunduki ni leseni, na aliyekupa anaweza kukunyang'anya. Kifungu cha 239 kinakataza mtu yeyote kuanzisha jeshi au kikundi kama jeshi cha kulinda usalama wa taifa, isipokuwa kwa mujibu wa Katiba au sheria. Silaha utazipata Kifungu cha 37, lakini kwa upande mwingine kabisa: una haki ya kuandamana kwa amani, bila silaha.

Kwa nini nakusumbua na haya? Kwa sababu wizi ukizidi mtaani, wazo la kwanza ni vijana kumi, rungu, panga, doria ya usiku. Inaeleweka. Polisi wakipigiwa simu saa nane usiku, wewe unajua vile huwa. Lakini mwaka 2002 serikali ilipopiga marufuku makundi 18, mojawapo lilikuwa Jeshi la King'ole, jina lililotolewa kwa desturi ya Wakamba ya jamii kumuua mtu aliyehukumiwa na wazee. Sungusungu wa Kisii, waliojiita walinzi wa mtaa, walikuwa kwenye orodha hiyo hiyo.

Tena 2027 iko hapo tu. Kikundi chenye rungu na njaa hakikosi mwanasiasa wa kukinunulia fulana. Juni 2025 Nairobi tuliona wanaume wenye rungu na mijeledi wakiwavamia waandamanaji mchana kweupe.

Kama unataka kulinda mtaa wako, sheria ya polisi ya 2011 ina nafasi ya polisi wa akiba, na Nyumba Kumi bado ipo, hata kama mkutano wenyewe ni wazee watano na chifu aliyechelewa. Nenda na wenzako. Panga ibaki shambani.