Lisemwalo na Lililothibitishwa

Wahenga wetu walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii yapendeza barazani, lakini kwa askari ni hatari. Polisi mwema hamtii mtu pingu kwa uvumi. Kwanza huuliza: nani kasema, na shahidi ni nani? Leo twapenda kulitumia swali hilo kuipima elimu tuisomayo katika simu zetu.

Tarehe 15 Januari 2001 ilianzishwa Marekani kamusi elezo ya intaneti iitwayo Wikipedia, ambayo sasa ipo hata kwa Kiswahili. Desturi yake ni kwamba mtu yeyote aweza kuandika humo na kuyasahihisha ya mwenzake, bila kuulizwa cheti wala cheo. Ni kinyume cha vitabu kama Encyclopaedia Britannica, iliyoanza kutolewa Edinburgh mwaka 1768, ambayo wahariri huikagua kabla haijatolewa.

Hatari ya mlango usio na mlinzi ilionekana mwaka 2005. Mwezi Mei, mtu asiyejitaja aliandika katika Wikipedia kwamba John Seigenthaler, mwandishi wa habari mashuhuri wa Marekani, aliwahi kushukiwa katika mauaji ya Rais John Kennedy na ya nduguye Robert. Ulikuwa uongo mtupu. Seigenthaler alikuwa msaidizi wa Robert Kennedy, tena mmoja wa waliolibeba jeneza lake. Uongo huo ulikaa zaidi ya miezi minne, na mzee huyo wa miaka 78 akalazimika kujitetea gazetini.

Je, tuamini basi kila kilichopigwa chapa? La, hasha. Mwaka 1983 jarida la Stern la Ujerumani Magharibi lilitangaza kwamba limepata shajara za Hitler, na mwanahistoria mkubwa wa Uingereza, Hugh Trevor-Roper, akazikubali. Majuma mawili baadaye wachunguzi wa serikali walithibitisha kwamba zilighushiwa kwa vifaa vilivyotengenezwa baada ya vita. Tena, Desemba 2005, jarida la Nature liliwapa wataalamu makala 42 za sayansi wazilinganishe. Makosa mazito yalikuwa manne kila upande. Madogo yalikuwa 162 kwa Wikipedia na 123 kwa Britannica. Britannica iliipinga hesabu hiyo.

Kwa hiyo jambo la kupima ni kama neno lina mwenyewe, na kama lafuatika hadi lilikotoka. Kitabu kina jina la mwandishi na la mchapaji, watu wawezao kuulizwa. Lakini kosa lake hubaki mpaka chapa ijayo. Wikipedia husahihishwa upesi, na kila badiliko huandikwa pamoja na tarehe na saa yake, mfano wa daftari la matukio kituoni. Chini ya makala nzuri hutajwa vitabu na magazeti yaliyotumika. Hao ndio mashahidi. Makala isiyo na mashahidi ni barua isiyo na sahihi.

Ndugu wanajeshi na polisi, anzeni uchunguzi humo mkipenda, lakini msiuishie humo. Wikipedia yenyewe huwaonya wasomaji wake wasiifanye kuwa ushahidi wa mwisho. Nyinyi mnaoandika taarifa ziwezazo kumfunga mtu au kumwachilia, fungueni kitabu kilichotajwa, mkakisome wenyewe, ndipo mtie sahihi.