Damu ya kiboko haiingii labo bila ruhusa

Mwezi wa 4 mwaka 2025, viboko angalau 50 walikutwa wamekufa upande wa mto Ishasha, kusini ya Ziwa Edouard. Vipimo vikaonyesha ni kimeta, ule ugonjwa waganga wanaita charbon. ICCN ikaomba watu wasile nyama ya pori, tena wachemshe maji. Sisi wa Kyavinyonge tuko kaskazini, lakini ziwa ni moja.

Sasa, nani ana haki ya kuchota damu ya kiboko kama yule akaipeleke labo? Mwanafunzi wa chuo kikuu hawezi kuvaa ganti, kujaza chupa na kupanda moto mpaka Butembo. Kwanza mwalimu wake anaandika mpango wote na kuuweka mbele ya komite ya usalama. Komite inauliza: mikrobi gani? Nani ataishika? Chupa itafungwa namna gani njiani? Uchafu utaharibiwa wapi? Na zaidi: labo yenu ni ya ngazi gani?

Ngazi ziko 4. Kukuza mikrobi ya kimeta kunaomba ngazi ya 3. Ebola na Marburg zinaomba ya 4, na labo za namna hiyo Afrika ni chache sana. Iko moja Johannesburg. Njo maana kazi moja inaweza kukataliwa na ingine kukubaliwa, hata kama damu ni ileile. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, Beni walipima bila labo ya ngazi ya 4: waliua virusi kwanza ndani ya sanduku lililofungwa, kisha damu ikaingia kwenye mashine. Kupima kilichokufa si sawa na kukuza kilicho hai.

Wachimbaji, hii inawagusa. Kule Durba, kati ya 1998 na 2000, Marburg ilishika watu 154, ikaua 128. Wengi wa kwanza walikuwa vijana wa machimbo ya dhahabu ya Goroumbwa. Vipimo vilipelekwa Afrika ya Kusini, na baadaye virusi vilionekana kwa popo wa shimo lile. Kwa hiyo siku moja mtafiti anaweza kufika kwenye shimo lenu pia, na nyavu za popo mkononi.

Wakati wa Ebola tulisikia mengi: eti damu yetu inauzwa. Maneno kama haya yanakua pale mtu anachukua bila kueleza. Musimfukuze mtafiti, lakini musimwachie njia bure. Mumuombe barua ya ruhusa, tena awasomee kwa Kiswahili ao Kinande: anachukua nini, kinaenda labo gani, kitakachobaki kitaharibiwa lini, na majibu atayaleta kwa nani hapa kijijini. Aliyepita mbele ya komite alikwisha kujibu maswali kama hayo. Kuyarudilia mbele yenu hakutamchosha.